Laini mbili siyo kasi mara mbili

Wiki hii kampasi nzima ni stori moja tu: chuo kiongeze laini ya pili ya intaneti kati ya majengo ya huku mjini na yale mengine, halafu kila kitu kitakwenda mara mbili. Laini ya pili mi naiunga mkono, tena kwa mikono miwili. Hiyo ya "mara mbili" ndiyo inayonikera, maana tutaongezewa michango kwa matumaini hewa.

Hebu fikirieni safari ya Masasi. Ukitoka Mtwara unaweza kupita Mingoyo na Ndanda, au ukapanda na njia ya Tandahimba na Newala. Njia mbili, sawa, lakini huwezi kukata lori moja la korosho nusu lipite huku na nusu kule. Ruta inayogawa mzigo nayo kwa kawaida ndivyo inavyofanya: inaangalia anwani ya anayetuma na ya anayepokea, inapiga hesabu, kisha mawasiliano yale yote yanapita laini moja mpaka yaishe. Kwa hiyo wewe unayeshusha video yako moja, usiku watu wamelala, hutaona tofauti. Nafuu inakuja tukiwa wengi.

Kuna jamaa akaniuliza, si igawe pakiti mojamoja? Inaweza. Ila laini moja ikichelewa kuliko mwenzake, pakiti ya tano inafika kabla ya ya tatu. TCP ikiona hivyo inadhani kuna kilichopotea, inatuma upya na kupunguza mwendo. Unalipia laini mbili unapata konokono.

Na kugawa sawa siyo kugawa vizuri. Njia ya Newala sehemu kubwa imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Nani angepeleka nusu ya malori huko wakati wa masika? Kama laini moja ni ya megabiti 100 na nyingine ya 20, basi mgawo uwe tano kwa moja.

Sasa linaloniuma hasa ni siku moja ikikatika. Tuseme kila laini ina 100, na kila moja imebeba 80. Inapendeza kweli kwenye ripoti! Moja ikifa, 160 zinataka kupita kwenye 100, na tunakwama wote, hata wale ambao laini yao ni nzima. Hesabu ya shule ya msingi hii. Ama mzigo wote usizidi uwezo wa laini moja, ama ijulikane mapema nani anapita kwanza: usajili, maombi ya mkopo HESLB na matokeo. Mpira usubiri, mtanisamehe.

Halafu mbili ziwe mbili kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na mtandao ukayumba Tanzania na kwa majirani. Siku chache kabla, mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya Dar maeneo ya Somanga. Huku kusini ikabaki kuzunguka kwa Songea na Njombe, safari ndefu ya kuchosha, lakini angalau haipiti Somanga. Faiba mbili kwenye mtaro mmoja ni faiba moja, greda likipita linaondoka na zote. Bora moja ipite chini na nyingine iende kwa minara, hata kama ya minara ni ndogo.

Kwa hiyo viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wakiingia kwenye kikao cha bajeti, wasiulize laini ya pili ina kasi gani. Waulize inapita wapi, na nani atakayezima ile ya kwanza makusudi, mchana kweupe, kabla ya wiki ya mitihani, tuone kama ya pili inabeba.