Mifuko ya uwekezaji: Jina lisimpumbaze mwananchi, afungue kapu aone kilichomo

Mkazi wa Kamanga, upande wa Sengerema, hahitaji kufundishwa maana ya kipato kinachopanda na kushuka. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzisha nyavu mbalamwezi ikiwaka. Mkulima wa pamba husubiri msimu wa ununuzi unaoanza Mei. Fedha huja kwa mkupuo, kisha huadimika.

Swali ambalo limekuwa likiwasumbua wengi kando ya Ziwa Victoria ni wapi fedha ya msimu ilale ili ije kusomesha mtoto au kumtunza mzee miaka 20 ijayo. Kwa muda mrefu majibu yamekuwa yale yale: ng'ombe, kiwanja, mabati, mtumbwi wa pili. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jibu jingine, nalo ni vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Takwimu zinaonyesha kwamba jibu hilo limepata wasikilizaji. Mwaka 2024 thamani ya mifuko inayosimamiwa na kampuni ya umma ya UTT AMIS ilivuka Sh2 trilioni. Watoa huduma wengine nao wameingia sokoni, wakiwamo Watumishi Housing Investments na Mfuko wao wa Faida, pamoja na kampuni binafsi kama iTrust Finance. Wakati huo huo, simu za mkononi zinawaletea vijana wa Mwanza matangazo ya mifuko ya nje, hususan ile inayowekeza katika kile kinachoitwa masoko yanayoibukia.

Kadiri mifuko inavyoongezeka ndivyo kosa moja linavyozidi kuenea, nalo ni kuchagua mfuko kwa kutazama faida ya mwaka uliopita. Kigezo hicho ni dhaifu kwa mtu anayeweka fedha kwa miaka mingi. Yapo mambo manne yanayopaswa kutangulia: kilichomo ndani ya mfuko, gharama yake, sarafu yake, na uwezo wa mwekezaji mwenyewe kuvumilia thamani inapoanguka.

Jina moja, makapu mawili

Istilahi ya masoko yanayoibukia ilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael, aliyekuwa mtumishi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi. Lengo lilikuwa kuwavutia wawekezaji wa nchi tajiri kununua hisa katika nchi zilizokuwa zikiitwa Ulimwengu wa Tatu. Mwaka 1988 kampuni ya MSCI ilianzisha faharasa ya masoko hayo, ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha mifuko mingi.

Anayedhani kwamba kununua mfuko wa aina hiyo ni kuwekeza Afrika atashangaa. Sehemu kubwa ya faharasa hiyo inashikwa na China, Taiwan, India na Korea Kusini. Kwa Afrika zimo Afrika Kusini na Misri tu. Kenya imewekwa katika daraja la chini zaidi, na Tanzania haimo katika faharasa hiyo.

Hata mifuko miwili yenye jina linalofanana inaweza kubeba vitu tofauti. MSCI inaihesabu Korea Kusini kuwa soko linaloibukia, ilhali FTSE ya Uingereza iliipandisha kuwa soko lililoendelea mwaka 2009. Kwa sababu hiyo mfuko mkubwa wa Vanguard, unaofuata kipimo cha FTSE, hauna kampuni za Korea, lakini mifuko ya iShares inayofuata MSCI inazo. Mtu anayelinganisha faida ya mifuko hiyo miwili bila kujua hilo analinganisha vitu visivyolingana.

Mifuko ya nyumbani nayo inahitaji kufunguliwa vivyo hivyo. Mfuko wa Umoja, uliozinduliwa Mei 2005 na kuwa wa kwanza nchini, huchanganya hisa na dhamana za kudumu. Wekeza Maisha wa mwaka 2007 una bima ndani yake na umepangwa kwa miaka 10. Mwaka 2008 ulianzishwa Mfuko wa Watoto kwa ajili ya maandalizi ya elimu, na pia Jikimu kwa wanaotaka gawio. Mfuko wa Ukwasi wa mwaka 2013 hauna hisa, na ule wa Hatifungani wa mwaka 2019 umejengwa juu ya dhamana za muda mrefu.

Mifuko hii haikuundwa kwa kazi moja. Anayetafuta mahali pa kuegesha ada ya shule ya Januari ana haja tofauti na mwalimu wa miaka 30 anayefikiria uzee wake. Wa kwanza anahitaji mfuko usioyumba na unaotoa fedha haraka. Wa pili anaweza kubeba hisa, kwa kuwa ana miaka ya kusubiri zinaposhuka.

Gharama ndogo, pengo kubwa

Jambo la pili, gharama, hupuuzwa kwa sababu huonekana dogo. Kampuni ya BlackRock, mmiliki wa iShares, inaendesha mifuko miwili mikubwa ya masoko yanayoibukia. Mmoja ulianza mwaka 2003 na hutoza takriban asilimia 0.7 kwa mwaka. Mwingine ulianza mwaka 2012 na hutoza takriban asilimia 0.1. Meneja ni yule yule na nchi ni zile zile.

Hesabu ya mfano inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Sh1 milioni ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka kabla ya gharama, baada ya miaka 20 itakuwa takriban Sh6.6 milioni katika mfuko wa gharama nafuu, na takriban Sh5.9 milioni katika mfuko wa gharama kubwa. Karibu Sh700,000 zitakuwa zimeondoka bila mwekezaji kuona risiti. Ndiyo maana waraka wa matarajio wa kila mfuko, uwe wa Dar es Salaam au New York, husomwa kwanza katika ukurasa wa ada: ya kuingia, ya kutoka na ya usimamizi.

Jambo la tatu ni sarafu. Mwaka 2005, Umoja ulipoanza, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban Sh1,130. Miaka 20 baadaye ilikuwa zaidi ya Sh2,400. Ina maana kwamba mfuko wa shilingi ulihitaji kukua kwa karibu asilimia 4 kila mwaka ili tu usipitwe na dola iliyolala bila kazi. Hata hivyo, mwendo huo si wa upande mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi ilipanda kwa kasi, na aliyenunua dola miezi michache kabla alipata hasara.

Kwa mwananchi ambaye ada, nauli na matibabu yake hulipwa kwa shilingi, mfuko wa dola ni kinga ya kiasi, si mahali pa kuhamishia kila kitu. Isitoshe, njia ya kufika huko si huru kabisa. Kanuni za fedha za kigeni za mwaka 2014 ziliwafungulia Watanzania masoko ya Afrika Mashariki, na zile za mwaka 2022 zikapanua mlango hadi nchi za SADC. Anayetaka kwenda mbali zaidi hana budi kupata kwanza maelekezo ya Benki Kuu.

Kuanguka si hadithi

Jambo la nne ndilo linalowatenganisha wawekezaji na wabahatishaji. Mwaka 2008 faharasa ya masoko yanayoibukia ilipoteza takriban asilimia 53. Mwaka uliofuata ilipanda kwa zaidi ya asilimia 78, na vichwa vya habari vikashangilia. Lakini aliyeanza na Sh100 alibaki na Sh47, kisha akafikia Sh84. Kupanda huko kwa kishindo hakukumrudishia mtaji wake.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, MSCI iliziondoa hisa za Urusi katika faharasa yake kwa bei iliyokaribia sifuri. Nchi nzima ilifutwa katika daftari kwa siku chache. Waliokuwa na nchi nyingine nyingi ndani ya kapu waliumia kidogo. Waliokuwa na Urusi peke yake walibaki na karatasi.

Watu wa ziwa wanalielewa somo hilo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, maumivu yalianzia viwandani Mwanza na kufika hadi kwenye mialo. Kufunguliwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi Juni 19, 2025 ni neema kwa wasafiri, lakini pia kunamkumbusha aliyeweka mtaji wake wote katika biashara ya vivuko kwamba njia ya fedha huweza kuhama.

Kwa mantiki hiyo hiyo, mifuko ya ndani ina udhaifu ambao hautajwi sana: yote imeegemea uchumi wa nchi moja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina kampuni zisizofika 30, na nyingi hazinunuliwi kila siku. Dhamana za Serikali nazo hazitoi riba ile ile milele. Hatifungani ya miaka 25 ilianza Aprili 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka uliofuata dhamana mpya za muda huo zilitolewa kwa asilimia 12.56. Faida ya jana ya mfuko wa dhamana si ahadi ya kesho.

Pamoja na udhaifu huo, kwa mkazi wa Kamanga anayeanza, mfuko wa ndani wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndio mlango wa busara. Anaweza kuchangia kidogo kidogo kila msimu, mali hushikwa na benki tofauti na meneja, na thamani ya kipande hutangazwa hadharani. Afahamu tu kwamba vipande si amana ya benki, na Bima ya Amana haivihusu. Mfuko wa nje unaweza kufuata baadaye, kwa sehemu ndogo, kwa yule mwenye akiba ya dharura na miaka 10 au zaidi mbele yake.

Ulinganishaji wa mifuko usichanganywe na jambo jingine lililowahi kuwaumiza wengi. DECI, iliyowaahidi wananchi kupanda mbegu na kuvuna maradufu, ilisimamishwa na Serikali mwaka 2009 huku maelfu wakiwa hawajavuna. Majukwaa ya mtandaoni ya siku hizi yamebadili vazi tu. Meneja halali husema wazi kwamba thamani inaweza kushuka. Anayeahidi kwamba haitashuka amekwisha kujitambulisha.

Kabla ya kutia saini, basi, mwananchi aulize: fedha hii nitaihitaji lini, ndani ya mfuko kuna nini, nitatozwa kiasi gani, na nitafanya nini siku nitakapoona thamani imepungua kwa nusu? Wakala akishindwa kujibu maswali matatu ya kwanza, fedha ibaki mfukoni. La nne hakuna wakala awezaye kulijibu. Ni la mwenye fedha mwenyewe.