Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana wa miaka 23 katika kijiji kimoja cha Usukumani, nilipangiwa darasa la kisomo cha watu wazima. Tulikutana alasiri chini ya mwembe, watu wakishatoka shamba. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mzee mmoja mkulima wa pamba, ambaye maisha yake yote alikuwa akitia dole gumba kwenye karatasi za mizani asizojua zimeandikwa nini. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzito, nilizoea kuushika na kuuongoza hadi jina lake likamilike. Siku moja mkaguzi alikuja, akasimama nyuma yangu akitazama, kisha akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mwachie mzee penseli yake. Jina hilo umeliandika wewe.”

Nimelikumbuka neno la mkaguzi yule mara nyingi tangu nistaafu, kwa sababu naona kosa langu la ujana limerudi, na safari hii limeenea nchi nzima. Watu wazima wanaotaka kujifunza intaneti na barua pepe wananyang’anywa penseli. Kijana huichukua simu ya mama yake, akabonya hapa, akasukuma pale, akajaza anachojaza, kisha akairudisha: “Tayari, mama.” Tayari nini? Mama hajui kilichofunguliwa, hajui kwa jina gani, wala hajui atakifungaje. Nasema bila kuzunguka: huko si kusaidia. Ni kumrudisha mtu kwenye dole gumba.

Sisemi haya kama mtu nisiye na doa. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu mwaka 2010. Barua pepe za chuo niliwekewa mezani zikiwa zimechapwa, ndani ya jalada, kama barua nyingine zote. Nilisoma, nikaandika jibu kwa kalamu, katibu muhtasi akaenda kulipiga. Nywila aliijua katibu muhtasi, aliijua mhasibu, na aliijua kijana wa duka la intaneti mjini. Asiyeijua ni mimi peke yangu, ambaye jina langu ndilo lililokuwa chini ya kila barua. Kwa upande wa wanachuo, kompyuta zilikuwa chache na umeme wa kubahatisha, basi somo tulilifundisha ubaoni. Walichora kompyuta, wakataja sehemu zake, wakapata alama nzuri. Nimepeleka mashuleni walimu wanaojua kuchora kipanya ambao hawajapata kukishika.

Lakini kosa linaloninyima usingizi ni la mwaka 2021. Mwalimu mwenzangu, mama mstaafu tuliyefundisha pamoja miaka mingi, alipata barua pepe iliyomtaka ahakiki taarifa zake ili pensheni yake isisimamishwe. Ilikuwa na nembo, ilikuwa na Kiswahili cha kiofisi, na ilikuwa na mahali pa kubonya. Akanipigia simu. “Shikamoo, Mkuu. Hii ni ya kweli?” Sikumwuliza imetoka kwenye anwani gani. Nilimwuliza kama anaona alama ya kufuli juu ya ukurasa. Akasema anaiona. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya ukuu wa chuo, “Basi ni salama, jaza.” Kanuni hiyo nilikuwa nimeisikia kwa mtu, nami sikuwahi kuichunguza. Akajaza jina, namba ya kitambulisho na namba za kadi yake ya benki. Haikupita saa moja akapigiwa na mtu aliyejiita afisa, akaombwa asome tarakimu zilizoingia kwenye simu yake. Akazisoma. Fedha za kupaua nyumba yake, alizokuwa amezitunza akimsubiri fundi, zikaondoka zote.

Kufuli lile lilisema kweli, ila halikusema nililodhani mimi. Linaeleza tu kwamba njia kati ya simu yako na tovuti ile imefungwa, hivyo wapita njia hawawezi kusoma mnachopeana. Halielezi ni nani aliyeko mwisho wa njia. Mwizi naye huweka kufuli mlangoni kwake.

Wako watakaosema: kama mambo ndiyo hayo, wazee wakae mbali na mitandao. Nawajibu kuwa hiari hiyo hatunayo tena. Matokeo ya mitihani ya wajukuu wetu Baraza la Mitihani huyatoa kwenye tovuti yake. Maombi ya kazi serikalini, ya mikopo ya elimu ya juu na ya vyeti vya kuzaliwa yanapitia huko huko. Anayewaambia wazee wakae mbali anawaambia wampe mtu mwingine sahihi yao aitumie apendavyo.

Wengine husema wazee hawaelewi. Neno hilo nililisikia pia wakati wa kisomo. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Hawakuwa watu wengine waliojifunza; walikuwa wale wale waliosemwa kuwa hawaelewi.

Wa tatu husema, “Ni haraka zaidi nikimfanyia mimi.” Leo ni haraka, kweli. Kesho atakuita tena kwa jambo lile lile, na keshokutwa wewe utakuwa mbali na tapeli atakuwa karibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mlimie.

Jembe lenyewe ni lipi? Kwa maoni yangu ni mambo manne, na kila moja mwanafunzi alifanye kwa kidole chake mwenyewe, mwalimu akiwa ameweka mikono nyuma.

La kwanza ni kusoma anwani. Alama ya @ aliichagua Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971, kulitenga jina la mtu na jina la mashine aliyomo. Basi kushoto kwa alama hiyo ni mtu, kulia ni nyumba anayotoka. Jina linaloonekana kwa maandishi makubwa juu ya barua mtu yeyote anaweza kujiandikia. Libonye uione anwani yenyewe. Kwenye tovuti, iruke ile mikwaju miwili ya mwanzo, kisha tazama maneno ya mwisho kabla ya mkwaju unaofuata. Ofisi ya serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Ukiona uhakiki.go.tz.mfano.com, hiyo si ya serikali. Ni ya huyo mwenye mfano.com, aliyeazima maneno ya serikali na kuyatanguliza mbele. Laiti ningeyajua haya mwaka 2021, yangetosha.

La pili ni kuijua barua mbaya. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”? Tumejifunza kuucheka kwa sababu tumeuzoea. Barua pepe ya tapeli ni ndugu yake aliyevaa tai: inaharakisha, inatisha au inaahidi, kisha inataka ubonye au ufungue kiambatisho. Dawa yake ni kutulia. Usibonye. Ipigie simu ofisi husika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Na zile tarakimu za mara moja zinazoingia kwenye simu hazisomewi mtu, hata akijiita meneja.

La tatu ni nywila. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, marefu, unayoyakumbuka wewe. Achana na mwaka wa kuzaliwa na jina la kitinda mimba. Ya barua pepe isifanane na ya benki, kwa maana mwenye kuishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Ukihofia kusahau, iandike kwenye daftari na ulifungie kabatini. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati lako. Namba ya simu ya kurejeshea iwe yako. Mimi mjukuu wangu alinifungulia barua pepe kwa dakika tano akaweka namba yake. Laini ile ilipopotea, nami nilipoisahau nywila, barua zangu za miaka sita zikapotea nayo. Ukitumia kompyuta ya watu, usiinuke kitini kabla ya kujitoa kwenye barua yako.

La nne ni kutopoteza muda na bando. Ukitafuta jambo, andika maneno matatu au manne yaliyo kiini chake, wala usilisimulie. Majibu ya juu yaliyotiwa alama kuwa ni matangazo yamelipiwa yakae pale, si kwamba ndiyo ya kweli zaidi. Tovuti unayoirudia, iwekee alama uifungue moja kwa moja. Zima video zinazojicheza zenyewe. Na unapoandika barua pepe, kumbuka tulivyofundishwa kuandika barua ya kikazi: YAH, kisha jambo moja, kisha jina lako. Barua isiyo na kichwa huachwa bila kusomwa, na mara nyingine haki ya mtu huachwa pamoja nayo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015, na namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040. Ni mambo mema. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kuondoka na bati zako. Anayeweza kumzuia mlangoni ni mwenye nyumba, naye hawezi kama hajui kusoma jina la anayebisha hodi.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo vya ualimu wa leo: msimpe cheti mwalimu anayejua kutaja sehemu za kompyuta ilhali hawezi kumwonyesha mzazi wa mwanafunzi wake barua ya kweli na ya uongo. Nanyi vijana, mama akikuletea simu, keti kando yake, uweke mikono yako magotini, useme, “Bonya wewe, mama, nami nitakwambia.” Itachukua nusu saa. Naye alitumia miaka kukufundisha kufunga kamba za viatu.

Yule mwalimu mwenzangu hakurudishiwa hata senti. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, “Radhi nimeipokea, Mkuu. Sasa nifundishe, lakini simu yangu usiishike.” Tunakutana kila Jumamosi asubuhi chini ya mti wake wa mpera. Wamekwisha kuongezeka wastaafu wengine wanne. Nyumba yake bado nusu haijaezekwa.