Kupe katika Kompyuta Zetu

Hapana mfanyakazi mwenye akili timamu ambaye, akimkuta mwizi ameketi sebuleni mwake, atamwacha aendelee kuketi kwa sababu tu siku hiyo hajabeba kitu. Hata hivyo wako wenzetu wengi wanaojua wazi kwamba kompyuta zao za nyumbani zimeingiliwa na virusi, na bado huzitumia kila siku kana kwamba hakuna neno. Kompyuta imekuwa nzito, matangazo yasiyoitwa hujifungua yenyewe, mafaili yamebadilika sura, na mwenye nyumba husema, "Inakwenda hivyo hivyo." Leo twapenda kusema waziwazi kwamba uzembe huo ni wa hatari, na kwamba madhara yake hayaishii katika nyumba ya mtu mmoja.

Virusi vya kompyuta si maradhi yaliyoshuka kutoka mbinguni. Ni programu zilizotungwa na watu kwa makusudi ya kuwanyonya watu wengine. Ziko zinazonasa maneno ya siri tunayoyaandika, yakiwemo yale ya benki. Ziko zinazoyafunga mafaili yetu kwa kufuli, kisha zikadai fidia. Na ziko zinazokaa kimya kabisa, zikiitumia kompyuta ya mfanyakazi kuwashambulia watu asiowajua. Hawa ndio kupe wa zama hizi: hunyonya bila kupiga kelele, na hunenepa kwa jasho la mwingine.

Na tutazame jinsi wanavyosafiri. Mtunza hazina wa chama cha kuweka na kukopa huandika hesabu za wenzake nyumbani usiku. Asubuhi huzitia katika flashi na kwenda kuzichapisha katika duka la steshenari, ambako kompyuta moja hupokea flashi za watu chungu nzima kwa siku. Akirudi ofisini, majalada yake yote yamegeuka kuwa vialama vidogo vyenye mshale. Kwa hofu huifuta flashi nzima, na hesabu za wanachama zikapotea kwa mkono wake mwenyewe! Laiti angejua kwamba mara nyingi mafaili hayo hayajapotea. Virusi vimeyaficha tu, na kompyuta iliyo safi ikiamriwa kuonyesha vilivyofichwa, huonekana tena. Mwenye kubonyeza vialama vile ndiye anayemfungulia adui mlango kwa mara ya pili.

Katika kutafuta dawa, wengi wetu huangukia mikononi mwa matapeli. Ukurasa hujitokeza ghafla ukipiga ukelele kwamba kompyuta ina virusi mamia, na kwamba dawa ni kubonyeza hapa au kupiga simu ile. Mganga huyo ndiye mchawi mwenyewe. Tena iko desturi nyingine iliyoenea: kompyuta hupelekwa kwa fundi, ikafutwa yote, kisha ikawekewa Windows ya wizi, iliyofunguliwa kwa programu ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba mlinzi wa virusi azimwe. Huko ni kumfukuza mwizi mlangoni na kumkaribisha dirishani. Wala hatumlaumu fundi peke yake, maana ni sisi wateja tuliotaka rahisi.

Njia iliyo sahihi haihitaji fedha. Yahitaji subira na utaratibu. Kwanza, kompyuta itengwe na intaneti mara moja, na mwenyewe asiingie katika akaunti ya benki wala barua pepe kwa kuitumia. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia chombo kingine kilicho safi. Pili, nyaraka na picha zinakiliwe pembeni, lakini programu zisinakiliwe. Tatu, mlinzi aliyemo ndani ya Windows 10 na 11, aitwaye Defender, aamriwe kufanya ule ukaguzi unaoendeshwa kabla Windows haijaamka. Huchukua kama robo saa, na faida yake ni kwamba virusi vingi hujificha wakati kompyuta iko macho, lakini wakati huo havina pa kujificha. Nne, programu ngeni na nyongeza zisizojulikana katika kivinjari ziondolewe. Tano, flashi zote za nyumba zikaguliwe siku hiyo hiyo. Yote haya yakishindwa, ndipo kompyuta ifutwe na kuwekewa programu halali kutoka kwa mwenye kuitengeneza, kisha nyaraka zikaguliwe kabla ya kurudishwa.

Wapo watakaosema kwamba masahihisho ya mara kwa mara ya programu ni kupoteza muda na fedha za intaneti. Na wakumbuke yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017, wakati virusi vilivyoitwa WannaCry vilipovamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Lakini dawa ya ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa na kampuni ya Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo! Walioumia kwa wingi ni wale ambao dawa ilikuwapo na hawakuinywa.

Kuhusu fidia, shauri letu ni kwamba isilipwe. Anayelipa hana hakika ya kurudishiwa mafaili yake, na fedha yake hulipia shambulio la kesho juu ya mwenzake. Tangu mwaka 2016 polisi wa Uholanzi na wa Ulaya, pamoja na kampuni za ulinzi wa kompyuta, wamekuwa wakitoa bure funguo za baadhi ya kufuli hizo kwa mpango uitwao No More Ransom. Ufunguo na utafutwe kwanza huko.

Twakubali kwamba mshahara wa mfanyakazi si mkubwa, na kwamba kompyuta nyingi za nyumbani ni kuukuu. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na si kila kompyuta yaweza kupokea Windows 11. Lakini umaskini si udhuru wa kutumia mali ya wizi, maana mfumo wa Linux hutolewa bure na kwa halali, na kompyuta kuukuu huweza kuutumia. Kinachopungua si fedha; ni maarifa.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria humwadhibu mhalifu aliyekamatwa. Haiingii nyumbani kusafisha kompyuta ya mtu. Kazi hiyo ni yetu wenyewe. Kwa hiyo twayataka matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yachague kijana mmoja mwenye ujuzi kila mahali penye kompyuta, apewe siku moja kwa mwezi ya kuwafundisha wenzake. Viongozi waanze na kompyuta zao wenyewe. Na daftari la wanachama au hesabu ya michango visikae katika flashi moja tu. Nakala yake iwekwe mahali pengine salama, isiyounganishwa na kompyuta yoyote.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu tumekwisha kuuona. Mwanachama atakayeisafisha kompyuta yake Jumamosi hii atakuwa ameilinda akiba yake, na pia akiba ya kila mwenzake atakayepokea flashi kutoka mkononi mwake.