Picha Yajenga, Picha Yabomoa



Wako watu wadhaniao kwamba hadithi za picha ni mchezo tu, wala hazina nafasi darasani. Sisi hatukubali. Picha huingia moyoni upesi kuliko neno. Kwa hiyo yaweza kujenga, tena yaweza kubomoa.

Tazameni. Mwaka 1931 Hergé wa Ubelgiji alitoa kitabu cha safari ya Tintin nchini Kongo, akamchora Mwafrika kama mjinga. Na watoto wengi wa Ulaya wakatujua kwa picha hizo. Katika Rwanda, jirani yetu, gazeti la Kangura, lililotoka tangu 1990 hata 1994, lilitumia katuni kupanda chuki; na mavuno yake twayajua.

Basi huku Masisi na Walikale, ambako vita ya mwaka 1993 ilianzia sokoni Ntoto ikaenea, mwalimu wa elimu ya uraia afanyeje? Achore ubaoni mkulima na mfugaji wakibishana mpakani mwa shamba, asiwape jina wala kabila. Mahali pa maneno yao apaache wazi. Nusu ya darasa wamsemee mkulima, nusu mfugaji, kisha wabadilishane. Hapo mtoto wa mfugaji atasema kwa kinywa cha mwenye mihogo iliyokanyagwa, naye mtoto wa mkulima ataonja dhiki ya mwenye ng'ombe wasio na malisho. Kazi hiyo yahitaji chaki moja tu.

Nanyi wazazi, mtoto aletapo katuni nyumbani, msicheke kwanza. Mwulizeni: “Ni nani anayedharauliwa hapa?”