Mashine Imekataa! Ni Ipi Iliyokataa?

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2015, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR. Kazi ilianza Makambako, mkoa wa Njombe, mwezi wa Februari, kisha ikaenea mikoa mingine, na Mtwara pia. Ilikwenda pole pole, hata kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa tarehe 30 Aprili mwaka ule, ikaahirishwa. Uchaguzi Mkuu wenyewe ulifanyika tarehe 25 Oktoba.

Mbele ya karani palikuwa na kompyuta moja, na kando yake vyombo vinne: kamera ya kupiga picha ya uso, kioo cha kuwekea vidole, kibao cha kutia sahihi, na printa ya kutoa kadi. Tangu hapo vyombo vya namna hii tumekutana navyo mara nyingi, katika kuboresha daftari la wapiga kura, katika kitambulisho cha taifa, na katika kusajili laini za simu. Na mara nyingi tumesikia lile neno la kuvunja moyo: mashine imekataa.

Je, katika vyombo vile vitano, ni kipi kilichokataa? Yafaa tujue, kwani ajuaye huuliza vema, na asiyejua hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwanza tuone jinsi kompyuta inavyosema na vyombo vyake. Zamani kila chombo kilikuwa na tundu lake katika kompyuta. Kibodi ilikuwa na tundu la duara, printa tundu pana lenye matobo 25, na chombo kipya kilitaka tundu jipya. Mwezi wa Januari 1996 makampuni saba, miongoni mwao Intel, IBM na Microsoft, yalitoa kanuni za njia moja ya kutumiwa na vyombo vya kila aina. Ndiyo iitwayo USB. Waya wake wa kawaida una nyuzi nne tu ndani yake: mbili za umeme na mbili za habari.

Njia ya pamoja kama hiyo mafundi huiita basi. Neno hilo mwalijua, maana ndilo lile la gari la abiria. Asili yake ni Kilatini, omnibus, maana yake “kwa wote”. Gari la wote, na njia ya wote.

Lakini njia ya wote ina shida yake. Tazameni baraza la kijiji: watu kumi wakisema pamoja, hakuna atakayesikika. Ndivyo ilivyo katika waya. Kamera na printa zikisema kwa wakati mmoja, habari zao huchanganyika, na kompyuta haiambulii kitu. Kwa hiyo USB ina sheria zake.

Sheria ya kwanza: kompyuta peke yake ndiyo yenye kuita. Chombo hakisemi kabla ya kuitwa. Ukibonyeza herufi, kibodi huishika herufi ile na kungoja mpaka iulizwe, “Una neno?” Nayo huulizwa hivyo zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, ndiyo maana sisi twaona kana kwamba imesema papo hapo.

Sheria ya pili: kila chombo kina namba yake. Chombo kinapochomekwa huwa mgeni, nacho huitikia namba 0. Kompyuta hukipa namba yake, yoyote kati ya 1 na 127, tena hukihoji: wewe ni chombo gani, kazi yako ni nini, wahitaji umeme kiasi gani? Wageni wawili hawapokewi pamoja, wasije wakaitikia wote kwa namba moja. Baada ya hapo kila kinachopita njiani kina namba ya mwenyewe. Vyombo vyote husikia, lakini hujibu yule aliyeitwa tu.

Sheria ya tatu: nafasi hugawanywa. Vyombo vyenye maneno machache ya haraka, kama kibodi, hutengewa nafasi yao. Vyenye mizigo mizito, kama printa, hupita katika nafasi iliyobaki. Hivyo printa inapotoa kadi, karani aweza kuendelea kuandika jina la mtu anayefuata.

Sheria ya nne: mzigo hukaguliwa. Ninyi wakulima wa korosho mwajua habari hii. Magunia yakitoka chama cha msingi kwenda ghala kuu, hesabu yake huandikwa, na huko ghalani huhesabiwa tena. Hesabu zisipolingana, mzigo haupokelewi kimya kimya. Katika waya pia kila fungu la habari hubeba hesabu yake. Ikilingana, mpokeaji hujibu, “Nimepokea.” Chombo kikiwa hakijawa tayari, husema, “Bado.” Lakini fungu likiharibika njiani, hakuna jibu, nayo kompyuta hurudia. Ikishindwa mara tatu mfululizo, huacha na kuhesabu kwamba pana kasoro.

Sasa turudi mbele ya karani. Kukataa kwa mashine kwaweza kutoka mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni njia yenyewe. Waya umelegea, vumbi limeingia tunduni, au umeme ni haba. Katika USB 2.0 tundu moja hutoa umeme wa volti 5, na kwa kawaida haupiti miliampea 500. Vyombo vikiwa vingi juu ya tundu moja, kimojawapo chaweza kuzimika. Ndiyo maana karani huchomoa waya na kuuchomeka tena. Huo si ubahatishaji. Chombo huanza upya kama mgeni, hupewa namba, na kazi huendelea. Hapa wewe huna kosa lolote, ngoja tu.

Mahali pa pili ni kidole. Hapa waya ni mzima, na picha ya kidole imefika salama, lakini mistari yake haionekani vema. Mkono wa jembe hulika. Tena kina mama wanaobangua korosho wajua jinsi mafuta ya ganda yanavyochoma na kubabua ngozi ya vidole. Kioo hakiwezi kusoma mstari uliofutika. Nawa mikono, kausha vema, weka tena kidole bila kukisukuma. Kikishindikana, mwombe karani ajaribu kidole kingine.

Mahali pa tatu ni daftari. Waya ni mzima na picha ni safi, lakini habari zako hazilingani na zilizoandikwa, au hazikuweza kufikiwa. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, alama ile ilitoka kijijini kupitia mtandao wa simu, ikalinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Hiyo ni safari ndefu kuliko waya wa mezani. Mtandao ukikatika, kusafisha kidole hakufai kitu. Na habari zako zikiwa zimeandikwa vibaya, zahitaji kusahihishwa na ofisi inayohusika, si kuwekwa kidole mara kumi.

Basi, ukiambiwa mashine imekataa, usiondoke. Uliza kwa adabu: Ndugu karani, ni chombo kisichoitika, ni kidole kisichosomeka, au ni habari zisizolingana? Karani mwema atakujibu, na jibu lake litakuonyesha la kufanya: kungoja, kunawa, au kwenda ofisini. Wazee hasa wasaidiwe kuuliza, maana vidole vyao ndivyo vilivyolima miaka mingi, na wengi wao huona haya kusema mbele ya foleni.

Katiba yetu, Ibara ya 5, yampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, kwa kufuata masharti ya sheria. Kioo kisichoona mistari ya kidole hakijasema kwamba mwenye kidole si raia. Kimesema tu kwamba hakikuona. Vijana mliosoma, waelezeni haya babu na bibi zenu kabla ya siku ya kuandikishwa, tena siku hiyo ikifika, nendeni pamoja nao.