Hadithi ni Mali ya Mwenyewe

Mwezi uliopita alinijia nyumbani msichana mmoja niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa katika shule ya upili. Sasa ana shahada ya mawasiliano, na kwa muda wa miaka mitatu amekuwa akizunguka na bahasha ya vyeti mjini Eldoret bila ya kupata ajira. Safari hii hakuja kuniomba barua ya kumpendekeza kwa mwajiri. Alikuwa amekodi chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, karibu na barabara ya Uganda, akiwa na nia ya kufungua ofisi ya uenezi: ofisi ya kuwaandikia watu habari zao na kuzifikisha magazetini, redioni na katika mitandao ya kijamii. Jamaa zake walikuwa wakimcheka. "Mwalimu," akaniuliza, "hivi mtu anaweza kupata riziki kwa kuuza hadithi za watu?"

Nilimwambia kwamba riziki ipo, na ni ya halali, lakini si kwa kuuza hadithi za watu. Hadithi zina wenyewe. Yeye ana kalamu, ana sikio, ana masomo. Hivyo ndivyo vya kuuza. Akaniona kama ninayecheza na maneno, nasi tukabishana hadi jua likachwa. Nimeona niyaandike hapa niliyomwambia, kwa kuwa najua wako walimu na wanafunzi wengine wanaoliwaza jambo hili hili.

Kwamba kazi hiyo inahitajika, sina shaka. Mji wetu ulianzia kwenye shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee wakauita Sisibo, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hati ya kuwa jiji. Katika muda huo wote, watu wa sehemu hizi wamejulikana duniani kwa miguu yao kuliko kwa vinywa vyao. Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, kisa cha yeye kushuka kutoka kwenye gari lililokwama katika msongamano na kukimbia hadi uwanjani kilienea kote, na hadi leo husimuliwa. Lakini mwanafunzi akitaka kusoma kwa urefu habari za wanariadha wetu, mara nyingi ataangukia vitabu vya wageni. Toby Tanser alitoa chake mwaka wa 1997. Adharanand Finn, mwandishi kutoka Uingereza, aliishi Iten pamoja na familia yake, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 2012. Sina ugomvi nao. Walikuja, wakaamka alfajiri kukimbia na vijana wetu, wakaandika. Ninachouliza ni kwa nini kijana aliyesomea uandishi hapa Eldoret, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka Iten, akae nyumbani akingoja tangazo la kazi.

Wapo wasemao kwamba watu wetu hawana desturi ya kulipia maandishi. Hao hawajaingia katika duka la kupiga chapa siku ya Alhamisi, wakati familia zinapong'ang'ania kumaliza vijitabu vya mazishi ya Ijumaa na Jumamosi. Pesa hulipwa pale, tena bila ya kunung'unika, kwa karatasi inayong'aa na picha za rangi. Maneno yaliyomo ndani ndiyo yasiyoshughulikiwa: alizaliwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Nimewahi kuketi chini ya hema mazishini nikasoma katika ukurasa wa tatu jina la marehemu mwingine kabisa, kwa kuwa aliyepiga chapa alinakili kijitabu cha wiki iliyotangulia na kusahau kubadilisha mahali pamoja. Waombolezaji hawakushtuka, maana maisha yote mawili yalikuwa yameandikwa sawasawa. Basi mtu awezaye kukaa na familia siku moja, akauliza maswali ya busara, na kuandika kurasa nne zinazomhusu marehemu huyo na si mwingine, hatakosa wateja. Afadhali zaidi akimwandika mtu angali hai, aweze kusahihisha.

Hilo la kusahihisha ndilo lililonifanya nimkumbushe mwanafunzi wangu habari za Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu maskini, akauza vyungu, wala hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Hata hivyo sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Shaaban Robert alimwendea mwishoni mwa uhai wake, akamsikiliza, na wasifu alioutunga ukachapishwa mwaka wa 1958, miaka minane baada ya mama huyo kufariki. Tunaufundisha wasifu ule kwa sababu ya lugha yake. Mimi huutazama pia kama kazi ya mtu aliyemsikiliza mwingine. Isingalikuwa safari ile ya mshairi, mengi tunayoyajua kuhusu Siti yangalizikwa pamoja naye.

Lakini si kila ajaye na daftari ni Shaaban Robert. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walikimbilia katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret na kuishi humo katika mahema. Mama mmoja jirani yangu alikuwa miongoni mwao. Aliniambia kwamba alisimulia yaliyomkuta mara saba kwa watu saba mbalimbali, kila mmoja akimwomba aanze mwanzo, na kila mmoja akimpiga picha. Baadaye mwanawe aliona picha yake katika jarida la shirika moja la ng'ambo ambalo sitalitaja. Chini ya picha palikuwa na jina lisilo lake, pamoja na idadi ya watoto ambao hakuwazaa. Hakuna aliyerudi kumsomea kilichoandikwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo, iliyomkabidhi Rais ripoti yake mwezi wa Mei 2013, ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi wa nchi nzima. Nawaomba walimu wenzangu wawaulize wazee wa mitaa yao: ni wangapi kati ya waliotoa taarifa wamepata kuuona ukurasa wowote wa ripoti ile?

Hapa ndipo biashara hii inapohitaji sheria kama vile inavyohitaji kalamu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa mwandishi huhesabiwa kuwa imehamishiwa yule aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mwanariadha akimlipa msichana huyu aandike maisha yake, kwa kawaida haki za maandishi hayo zitamwendea mwanariadha. Hilo ni jema. Lakini shirika likimlipa aandike maisha ya wajane ishirini wa Burnt Forest, haki zitaliendea shirika. Wajane hawamo. Wametoa machozi, majina na sura zao, na kwa mujibu wa karatasi hizo wao ni wapita njia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 imewaongezea kinga, maana inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwaje, na haki ya kuondoa kibali alichokitoa. Kinga hiyo lakini haina faida kwa nyanya ambaye hajapata kuambiwa kwamba ipo.

Kwa hiyo nilimshauri awe na mkataba wa ukurasa mmoja, ulioandikwa katika lugha anayoielewa msimulizi, na asomewe kwa sauti kabla ya kutia sahihi au kidole. Useme anayelipa ni nani. Useme msimulizi atasomewa maandishi yote kabla hayajatoka, na kwamba anaweza kufuta atakalo. Useme picha zitatumika wapi na hadi lini. Mteja mwenye pesa akilikataa sharti hilo, aachwe aende. Mwanafunzi wangu alicheka akaniuliza kama mimi ndiye nitakayemlipia kodi ya chumba mwezi huo. Swali lake lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu zuri. Nilichoweza kumwambia ni kwamba katika mji kama huu, ambapo kila mtu ni shemeji wa mwingine, jina baya husafiri upesi kuliko tangazo lolote.

Wateja wa kwanza kubisha hodi watakuwa wanasiasa. Hulipa vizuri, hulipa mapema, na hutaka kuandikwa kwamba walichunga mbuzi bila viatu hata wale waliopelekwa shule kwa gari. Baadhi yao watamtaka apeleke na bahasha kwa waandishi wa habari. Sikumkataza kuwaandikia wanasiasa, kwani nao wana maisha ya kusimulia. Nilimkataza bahasha, na nilimkataza kuandika jambo ambalo yeye mwenyewe hakulithibitisha kwa mtu wa pili.

Tena kuna habari ambazo kuzieneza ni hatari. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee mwezi wa Septemba 2021 huko Ujerumani, na mwezi uliofuata akauawa nyumbani kwake Iten. Baada ya kifo chake, jamaa na wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels linalopambana na ukatili dhidi ya wanawake. Mwanamke aishiye katika hali ya hatari anaweza kupanda ngazi hadi chumbani kwa msichana huyu akitaka habari zake zitangazwe kesho. Atakayemkubalia upesi kwa sababu habari ni nzito huenda akamponza. Kazi ya kwanza hapo ni kumfikisha mahali pa usalama, gazeti litangoja.

Sisi walimu tuna lawama yetu. Tunafundisha wasifu, tawasifu na mahojiano kama maswali ya mtihani, kwa alama ishirini, tukisahihisha mishororo na tahajia. Mwanafunzi huandika wasifu wa mtu wa kubuni, au wa waziri asiyepata kumwona. Ni mara chache tunampeleka kwa bibi wa jirani, aulize, aandike, kisha arudi amsomee. Mwanafunzi akifanya hivyo mara moja atajua jinsi ilivyo vigumu, na pia atagundua kwamba ni kazi ambayo mtu mzima anaweza kulipwa kwayo.

Juma lililopita msichana alirudi. Amekwisha kusajili jina la biashara, na mteja wake wa kwanza ni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya mahindi, anayetaka wajukuu wake wajue alikopitia. Malipo yatakuwa nusu pesa na nusu maziwa. Mzee alisimulia kwa Kinandi, naye akaandika kwa Kiswahili, kisha akaenda kumsomea akimfafanulia. Alipofika kwenye usiku mmoja wa Januari 2008, njiani kuelekea Timboroa, alikuwa ameandika kwamba mzee alishikwa na hofu kuu, moyo ukamdunda kama ngoma. Mzee akamkatiza. "Mwanangu, sikusema niliogopa. Nilisema nilinyamaza."

Aliniuliza afanye nini, maana sentensi yake, kwa kweli, ilikuwa imemtoka vizuri. Nikamuuliza mkataba wake unasemaje. Akatoa kalamu mkobani, akaifuta palepale mezani kwangu.