Ubao wa Umeme kwenye Vilima vya Chake Chake

Na Salim Kombo Hamad

Ubao wa magurudumu unaokwenda kwa umeme ni chombo cha mtu mmoja. Una magurudumu manne ya plastiki yenye unyumbufu wa mpira, betri iliyofichwa chini, mota moja au mbili, na remoti ya mkononi ya kuongezea mwendo na kushikia breki. Aina nyepesi huwa na kilo 5 hadi 7. Kwa mfanyakazi wa Paris anayeshuka kwenye treni huku amebakisha kilomita mbili kufika ofisini, chombo hiki kina maana: akifika anakibeba mkononi na kukisukumiza chini ya meza. Mkaazi wa Tibirinzi, mtaa wa Chake Chake kisiwani Pemba, hana treni, na lami yake haendi nayo mbali kabla ya kukutana na udongo mwekundu.

Wepesi ndiyo sifa isiyo na ubishi. Abiria anayetoka Wete anaweza kuupakata ubao ndani ya daladala bila kugombana na utingo, kisha akamalizia safari yake mjini. Baiskeli haina bahati hiyo. Lakini wepesi huo umepatikana kwa kupunguza vitu viwili, magurudumu na betri, na vyote viwili vina kazi kubwa Pemba.

Gurudumu la ubao mwepesi lina kipenyo cha milimita 80 hadi 100. La baiskeli ya kawaida ya inchi 26 ni karibu milimita 660. Gurudumu kubwa hupanda juu ya kokoto na kuendelea na safari. Dogo hugonga na kusimama, na aliyesimama juu yake, asiye na usukani wa kushika, huendelea peke yake mbele. Kwenye barabara kuu hilo huweza kuepukwa kwa kuangalia chini muda wote, jambo ambalo nalo lina hatari yake pale gari zinapopita. Kwenye njia za ndani za mitaani, zenye kokoto na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, haliepukiki. Kanzu ndefu na buibui navyo haviendani na magurudumu yanayozunguka sentimita chache chini ya unyayo.

Kisha vilima. Chake Chake imekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi kwenye hori la bahari, na sifa za dukani hupimwa kwenye sakafu tambarare, na mara nyingi kwa mpandaji mwepesi. Mtu wa kilo 75 juu ya ubao wa kilo 6, akipanda kilima kinachoinuka mita 10 katika kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, anahitaji kama wati 330 za kuubeba uzito huo tu, msuguano haujahesabiwa. Mota moja ndogo hapo huanza kuchemka, na mpandaji huishia kushuka na kutembea. Mbao nyepesi nyingi hubeba betri ya wati-saa 99, kwa kuwa kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri isiyozidi 100 bila kuomba ruhusa maalumu. Kupanda mita 30 za wima, pamoja na umeme unaopotea kwenye mota, hula kiasi cha sehemu moja ya kumi ya betri hiyo.

Kuteremka ni kubaya zaidi kuliko kupanda. Breki ya ubao huu ni mota yenyewe: inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa haina pa kuupokea, na kwenye baadhi ya mbao breki hulegea au hukatika kabisa. Anayeishi juu, akachaji usiku kucha na asubuhi akaanza safari kwa mteremko, yumo kwenye hali hiyo hasa. Dawa ni kuchaji robo tatu tu, na karatasi ya maelekezo hulitaja hilo kwa herufi ndogo, ikilitaja.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ubao hukaa ndani. Magurudumu yake huteleza kwenye lami iliyolowa, na dhamana za watengenezaji kwa kawaida hazigusi madhara ya maji.

Gharama ya umeme si hoja. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na uniti moja ya Tukuza, umeme wa kulipia kabla, inatosha kuchaji betri hiyo takriban mara nane. Gharama iko kwenye vipuri. Kampuni ya mbao hizi ya Boosted, ya California, iliyoanza 2012 na kuheshimiwa kuliko nyingi, ilisimamisha kazi 2020, na wateja wake wakabaki kutafuta betri na vidhibiti kwa wauzaji wa mitumba. Fundi baiskeli wa Chake Chake anaziba pancha, ananyoosha rimu na kubadilisha beringi. Kidhibiti cha mota kikiungua hana cha kufanya.

Kuliko ubao huu, baiskeli ya umeme inamfaa zaidi mtu wa Tibirinzi. Ina breki za mikono zisizotegemea betri, keria ya kufungia kikapu cha sokoni, na umeme ukiisha inakwenda kwa pedeli.